Jina Langu Limo Kwenye Orodha: Je, Niache Kazi Kabla Sijaachishwa?

“Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mama wa miaka 52, msaidizi wa kumbukumbu katika ofisi ya kanda ya taasisi moja ya umma hapa Mbeya. Nimetumikia miaka 26, michache ya mwanzo wizarani na iliyobaki hapa. Tangu mfumo wa ofisi mtandao uanze, masjala yetu iliyokuwa na watu watano imebaki na wawili, na sasa inasemwa kwamba taasisi itaunganishwa na nyingine, ofisi ya kanda ifungwe na kazi zote zihamie Dodoma. Wiki mbili zilizopita ilisambaa kwenye WhatsApp orodha ya watakaopunguzwa, na jina langu ni la nne. Kikaoni mkuu wetu alisema tu, ‘Jiandaeni kisaikolojia.’ Nina mkopo wa benki uliobakiza miaka minne, mtoto yuko mwaka wa pili chuoni, na nyumba yetu ya Uyole haijaezekwa. Mume wangu analima viazi Isongole. Mwenzangu mmoja ananishauri niandike barua ya kuacha kazi sasa ili nichukue michango yangu yote kabla mambo hayajaharibika. Mwingine anasema yupo daktari anayeweza kuniandikia ugonjwa nistaafu mapema. Nikipunguzwa sasa, ndiyo miaka 26 imekwenda bure? Nifanye nini?”

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye sentensi ileile, ile ya mwenzako anayekushauri uandike barua ya kuacha kazi. Nilifanya kazi ya uafisa utumishi hapa nyanda za juu kusini kwa miaka mingi, Iringa kwanza na Mbeya baadaye, na niliowaona wakiumia zaidi nyakati za tetesi kama hizi hawakuwa wale waliopunguzwa. Walikuwa wale waliojiondoa wenyewe kwa hofu ya kupunguzwa, kisha baadaye wakagundua kwamba kila mlango waliokuwa na haki ya kuupita walikuwa wameufunga kwa mkono wao. Kwa hiyo kabla sijaeleza lolote: barua hiyo usiiandike, na kama umekwisha kuiandika lakini hujaipeleka, ichane.

Sababu yake ni hii. Katika utumishi wa umma, unachopata ukiondoka hakipimwi kwa miaka uliyofanya kazi peke yake. Kinapimwa pia kwa namna ulivyoondoka, na namna hiyo husomwa kwenye barua moja tu, ile inayohitimisha ajira yako. Mtu aliyestaafu, aliyepunguzwa, aliyeacha kazi kwa hiari yake, na aliyefukuzwa kwa kosa la nidhamu wanaweza kuwa walikaa meza moja kwa miaka ileile na mshahara uleule, na bado wakaondoka na malipo yasiyofanana hata kidogo. Ukiandika “naacha kazi kwa hiari yangu”, unakuwa umechagua kundi ambalo halina malipo ya kupunguzwa wala fao la kukosa ajira, na hakuna afisa atakayeweza kukuhamishia kundi jingine baadaye kwa kuwa tu anakuhurumia.

Na hiyo “michango yangu yote” anayokuambia mwenzako, naomba tuiangalie kwa utulivu. Zamani kulikuwa na kile kilichoitwa fao la kujitoa, ambalo lilimruhusu mtu aliyeacha kazi kuchukua michango yake na kwenda zake. Sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa Mfuko mmoja wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ilileta mahali pake fao la kukosa ajira. Nadhani kinachowachanganya watu ni lile jambo la mwaka 2022, serikali iliporuhusu walioondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango. Kilichorejeshwa pale ni ile sehemu waliyokatwa wao kwenye mshahara, ambayo ni asilimia 5, wakati ile asilimia 15 ya mwajiri haikuwa yao tena. Mtu mwenye cheti halali na miaka 26 kazini hana sababu ya kutamani kutendewa kama mwenye cheti feki.

Swali lako la msingi ni kama miaka 26 imekwenda bure. Jibu ni hapana, na hili nataka ulielewe kwa hesabu, si kwa faraja. Ili mwanachama awe na haki ya pensheni anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Wewe una miezi 312. Umekwisha kuvuka kizingiti hicho, na kupunguzwa hakukurudishi nyuma yake: ukiondoka leo, haki hiyo inabaki ndani ya Mfuko ikikusubiri ufikishe miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, ndipo uombe pensheni yako.

Tuchukue mfano, kwa kuwa hukuniandikia mshahara wako. Tuseme wastani wa mshahara wako katika miaka mitatu bora ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Kikokotoo kinachotumika tangu mwaka 2022 huchukua idadi ya miezi uliyochangia, hugawanya kwa 580, kisha huzidisha kwa mshahara huo wa mwaka. Miezi 312 inakupa pensheni kamili ya mwaka ya takribani shilingi 5,810,000. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo baada ya kuzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi maisha yako yote. Mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote, ukalalamikiwa sana, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa zamani kundi la kulipwa mkupuo wa asilimia 50, ambao ni wa PSPF na LAPF, na hadi 35 kwa waliokuwa kundi la asilimia 25. Ikiwa wewe ni wa kundi la kwanza, mkupuo wako katika mfano huu ni kama shilingi milioni 29, na pensheni ya kila mwezi ni kama 290,000.

Sasa linganisha na mtu yuleyule, mshahara uleule, aliyeendelea kazini mpaka miaka 55 akiwa na miezi 348. Mkupuo wake ni milioni 32.4 na pensheni yake ya mwezi ni 324,000. Tofauti ipo, na ni yako kuisikitikia, hasa kwa kuwa mshahara nao ungepanda katika miaka hiyo na wastani ungepanda pamoja nao, lakini unaona mwenyewe kwamba si tofauti ya kumfanya mtu aseme maisha yake yameisha. Jengo la miaka 26 halibomoki kwa kukosa tofali za miaka mitatu.

Shimo lenyewe liko mahali pengine, na ndilo ambalo wengi hawalioni kwa sababu macho yao yote yako kwenye kikokotoo. Shimo ni ile miezi 36 iliyo kati ya leo na siku utakayotimiza miaka 55, ambayo mshahara utakuwa umekoma na pensheni haijaanza. Hapo ndipo benki itakapokukuta, hapo ndipo ada ya mtoto itakapokukuta, na hapo ndipo mvua za Uyole zitakapokuta kuta zisizo na bati.

Kuna vitu viwili vya kulijaza, na nikiri mapema kwamba vyote viwili ni vidogo kuliko watu wanavyodhani. Cha kwanza ni malipo ya kupunguzwa kazi, ambayo wengi wetu tunayaita kiinua mgongo, na kwa kuwa hata mkupuo wa pensheni tunauita kiinua mgongo, tunachanganya mambo mawili yanayolipwa na watu wawili tofauti. Mkupuo hulipwa na Mfuko. Malipo ya kupunguzwa hulipwa na mwajiri, na kiwango chake cha chini kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Hapa ndipo wenye utumishi mrefu huvunjika moyo: miaka yako 26 inahesabiwa kama 10. Siku saba mara kumi ni siku 70, na kwa mshahara wa mfano wetu ni kama shilingi 2,100,000. Sheria inasema “isiyopungua”, kwa hiyo chama cha wafanyakazi kinaweza kujadiliana kupata zaidi, na mahali penye chama imara nimeona kikipata zaidi.

Cha pili ni fao la kukosa ajira kutoka PSSSF. Hili ni asilimia 33.3 ya mshahara wako wa mwisho kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18, ambaye hajafikisha miaka 55, ambaye hakuacha kazi kwa hiari, na ambaye hana ajira nyingine. Kwa mshahara wetu wa mfano ni karibu 300,000 kwa mwezi, jumla 1,800,000. Ukiyajumlisha haya mawili unapata 3,900,000, na ukiigawa kwa miezi 36 inakuja shilingi 108,000 hivi kwa mwezi. Juu yake kutakuwa na taarifa ya siku zisizopungua 28 au malipo yake, malipo ya likizo unayostahili na hujaenda, pamoja na usafiri wa kukurudisha mahali ulipoajiriwa kama si hapahapa ulipo. Hivyo ndivyo ilivyo. Sikufichi, kwa sababu mpango unaojengwa juu ya fedha ambazo hazitakuja ni mbaya kuliko kukosa mpango.

Turudi kwenye ile orodha ya WhatsApp. Kisheria orodha hiyo si kitu. Mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi anatakiwa atoe taarifa ya nia yake mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi juu ya mambo ambayo sheria imeyataja: kwa nini anapunguza, nini kinaweza kufanyika ili asipunguze au apunguze wachache, atatumia vigezo gani kuchagua, lini, na kwa malipo gani. Majadiliano yakishindikana, kwa utaratibu wa sheria hiyo ya kazi mgogoro hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (mtumishi wa umma ana mlango wake wa kwanza, nitaufikia mwishoni), na katika kipindi cha siku 30 za usuluhishi mwajiri haruhusiwi kuendelea na upunguzaji. Vigezo vyenyewe lazima viwe vya haki na vinavyopimika. Kile cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza hukubalika kwa kawaida, mradi ujuzi unaohitajika usipotee, na kwa mtu wa miaka 26 kigezo hicho ni rafiki. Kusema “masjala haina kazi tena” si kigezo mpaka mtu aeleze kwa nini waliobaki wawili wasipewe kazi ya kuingiza majalada ya zamani kwenye mfumo huohuo unaodaiwa kuwafukuza.

Halafu kuna hili la kuunganishwa. Mnamo Desemba 2023 serikali ilitangaza kuunganisha taasisi 16 na kufuta 4, na tangu hapo kila ofisi yenye watumishi wachache imekuwa ikijiona kwenye orodha. Taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge haifi kwa tangazo la kikaoni. Sheria yake lazima ifutwe au irekebishwe, na sheria inayokuja kuchukua nafasi yake huwa na masharti ya mpito yanayosema watumishi, madeni na mali vinakwenda wapi. Muswada ukitoka, ndugu zangu wengi husoma ukurasa wa kwanza wenye malengo mazuri na kuuacha. Wewe anza kuusoma kutoka mwisho, kwenye hayo masharti ya mpito.

Kwa mtazamo wangu, kinachoelekea kutokea zaidi katika ofisi yako ni kuhamishwa kuliko kupunguzwa, na hapa nataka uwe mwangalifu kwa jambo ambalo hukuliuliza. Ukipewa nafasi mbadala inayofaa, tuseme Dodoma, ukaikataa bila sababu ya msingi, sheria inamruhusu mwajiri akunyime hata yale malipo ya siku 70. “Sitaki kuacha nyumba yangu ya Uyole” ni sababu ya moyo, na moyo wako nauelewa, lakini sidhani kama itasimama mbele ya msuluhishi. Sababu kama ugonjwa wenye uthibitisho wa hospitali, au mzazi unayemuuguza na hakuna mwingine, hizo zina uzito, na ziandikwe mapema kwenye jalada lako kabla ya barua ya uhamisho, kwa sababu sababu inayoandikwa baada ya barua huonekana kama kisingizio hata ikiwa ni kweli tupu.

Ukiniuliza mimi ungefanya nini ukiitwa Dodoma, ningekwambia uende. Miaka mitatu ya chumba cha kupanga, mume akiendelea na viazi Isongole, na safari ya basi kila mwisho wa mwezi, si maisha ya kufurahisha kwa mtu wa miaka 52, na sisi watu wa baridi joto la Dodoma hutusumbua. Lakini miaka hiyo inaziba shimo lote la miezi 36, inamaliza sehemu kubwa ya mkopo, na inamfikisha mtoto mwisho wa chuo. Ukitimiza 55 unastaafu kwa hiari na kurudi. Mwajiri akikuhamisha kwa mahitaji yake, anawajibika kwa gharama zako za uhamisho. Ukiomba uhamisho wewe mwenyewe, gharama ni zako. Kwa hiyo usikimbilie kuomba kwenda Dodoma ili kujihami; subiri upelekwe.

Kuomba uhamisho kwenda taasisi nyingine hapahapa Mbeya, au halmashauri ya jirani, ni habari tofauti, na hiyo naiunga mkono hata kama utajilipia nauli ya bajaji. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa watumishi mtandaoni. Masjala zipo vyuoni, hospitalini, mahakamani na kwenye halmashauri, na mtu anayejua kufungua jalada, kulifuatilia na kulipata siku linapotakiwa na mkaguzi hajawa wa kutupwa bado. Ukiambiwa ubadilishiwe kada, uliza kwa maandishi kuhusu mshahara: mtumishi anayehamia ngazi yenye mshahara mdogo anaweza kubakishiwa wa zamani kama mshahara binafsi, na jambo hilo liwe kwenye barua yenyewe, si kwenye maneno ya koridoni.

Kuhusu huyo daktari, nitasema machache. Kustaafu kwa ugonjwa kupo, na hupitia bodi ya madaktari, si daktari mmoja wa kukufanyia hisani. Ukikamatwa na ugonjwa wa kughushi, hutahesabiwa kama mtumishi aliyepunguzwa. Utakuwa na kosa la nidhamu, na pengine la jinai, baada ya miaka 26 safi. Vivyo hivyo usikate tamaa ukaanza kukaa nyumbani, kwani kutokufika kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni utoro unaoweza kukufukuzisha, na nimewaona watu wawili waliosema “si tunaondolewa tu” wakaacha kufika, ofisi ikanusurika, na wao ndio pekee waliotoka. Endelea kujaza utendaji wako kwenye mfumo kila wiki kama kawaida. Siku ya kuchagua nani abaki, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayosomwa.

Wewe ni mtu wa majalada, kwa hiyo sehemu hii inayofuata inanichekesha kidogo kukuandikia, lakini nimegundua kwamba watunza kumbukumbu ndio wenye majalada binafsi yenye mapengo makubwa kuliko wote. Omba kuliona jalada lako. Hakikisha barua ya ajira ya kwanza imo, ya kuthibitishwa kazini imo, na kila barua ya kupandishwa cheo na ya uhamisho kutoka wizarani imo. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira, kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye Mfuko. Kama ulianza kazi kwa jina la baba na NIDA ukajiandikisha kwa jina la mume, shughulikia sasa ukiwa na ofisi ya kukuandikia barua, kwa maana taasisi ikishaunganishwa, hilo jalada litakuwa kwenye sanduku ndani ya lori likielekea usikokujua.

Kisha nenda ofisi ya PSSSF hapa mkoani, ana kwa ana, hata kama una ile programu ya Kiganjani kwenye simu. Omba taarifa ya michango ya mwezi kwa mwezi tangu ulipoanza, kwa sababu waliotoka wizarani kwenda taasisi mara nyingi wana miezi iliyopotea pale katikati ya kuhama. Kila mwezi usioonekana ni sehemu ya 580 ya mshahara wako wa mwaka, kila mwaka, mpaka utakapokufa. Ukiona pengo, chukua hati za mshahara za miezi hiyo, na kama huna, mhasibu wa taasisi ya zamani bado anaweza kufuatiliwa. Hapohapo kaunta uliza swali moja na uombe lijibiwe kwa maandishi: nafasi yangu ikifutwa kabla ya miaka 55, nitaingia kwenye fao gani na kwa nyaraka zipi? Usitosheke na jibu la mdomo la kijana wa mapokezi, hata akiwa mkarimu kiasi gani.

Mkopo. Nenda benki kabla benki haijakufuata. Uliza mambo matatu: salio halisi ni kiasi gani leo, bima ya mkopo uliyokatwa siku ya kwanza inafidia nini, kwani nyingi hufidia kifo na ulemavu lakini baadhi hufidia pia kupunguzwa kazi, na kama muda unaweza kuongezwa ili rejesho lipungue. Mtu anayekwenda benki akiwa bado na mshahara huketishwa kwenye kiti, na anayekwenda baada ya miezi mitatu ya kutolipa huandikiwa barua. Usiongeze mkopo juu ya mkopo ili uezeke nyumba haraka kabla mambo hayajaharibika. Najua kishawishi hicho kipo kwa sababu ningekuwa wewe ningekuwa nacho. Na ile mikopo ya mtaani, kausha damu, inayochukua kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, usiisogelee hata kwa siku moja ya shida. Kama umewadhamini wenzako kwenye SACCOS ya kazini, angalia nao wako orodhani au la, maana wakiondoka pamoja nawe, akiba yako ndiyo itakayowalipia.

Umri wangu unanipa ruhusa ya kusema kitu kuhusu fedha zenyewe. Katika punguzo la wafanyakazi la miaka ya 1990 nilikuwa karani kijana Iringa, na dereva wetu mmoja alipokea malipo yake, akanunua Land Rover iliyochoka ili abebe abiria wa vijijini. Ilikufa gia kabla ya masika kwisha. Hakuwa mjinga. Alikuwa dereva hodari sana, lakini hakuwahi kuendesha biashara ya usafiri, na hizo ni kazi mbili. Ninyi mna bahati ambayo hamjaihesabu, nayo ni kwamba mume wako tayari analima na anajua mwaka upi viazi vimemlipa na upi vimemtupa. Fedha yoyote ya ziada ikienda, iende kwenye kile anachokijua, kwa kiwango ambacho msimu mmoja mbaya hautawamaliza. Parachichi zinapendwa sana sasa kuanzia Rungwe hadi Njombe, na sina ubaya nazo, ila mche uliobebeshwa huanza kuzaa kwa maana baada ya kama miaka mitatu. Misonobari ya kule Mufindi ndiyo huchukua hata zaidi ya miaka kumi kabla ya kuwa mbao. Hiyo ni miti ya kumfaa mtu baada ya shimo la miezi 36, haitakulisha ukiwa ndani yake.

Mwambie mume wako yote haya kwa tarakimu, leo jioni ikiwezekana. Na mtoto naye aambiwe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili si mtoto mdogo.

Sasa, lini uache kunisoma mimi na utafute mtu wa kukaa naye mezani? Siku taarifa rasmi ya nia ya kupunguza itakapotolewa, nenda kwa chama chako cha wafanyakazi siku hiyohiyo, si baada ya barua binafsi kufika, kwa sababu nguvu ya chama iko kwenye majadiliano ya kabla. Kama hujui wewe ni mwanachama wa chama gani, hati yako ya mshahara itakuonyesha unakokatwa. Siku barua ya kuhitimisha ajira itakapofika, tafuta wakili au mtoa msaada wa kisheria ndani ya wiki moja, na umwambie mapema kwamba wewe ni mtumishi wa umma. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda kwenye vyombo vya kazi, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba hilo linawahusu hata waajiriwa wa mashirika ya umma. Nimeona mashauri mazuri yakitupwa kwa sababu tu yalianzia mlango usio wake. Rufaa hiyo ina siku 45, na zinahesabiwa tangu unapopokea uamuzi, siyo tangu unapopata nguvu ya kuusoma.

Wengine hukataa kusaini barua wakidhani wameizuia. Haizuiliki, afisa ataandika nyuma yake kwamba umekataa kupokea, na siku zitaanza kuhesabiwa vilevile huku wewe ukiwa huna nakala. Ipokee. Soma sababu iliyoandikwa, neno kwa neno, na kama imeandikwa kuwa unaondoka kwa ombi lako mwenyewe wakati hukuomba, sema hapohapo kwa maandishi. Kisha weka saini, na juu ya saini uandike kwa mkono wako: “Nimepokea leo tarehe fulani, saa fulani. Kupokea si kukubali yaliyomo.” Toa nakala mbili kabla hujarudi mezani kwako, na moja mpe mume wako aende nayo Isongole.